Sonda tatu na ufa mmoja: RAV4 yetu ya barabara ya Masisi

Wiki iliyopita msikilizaji mmoja wa Mubi, wilayani Walikale, alinitumia ujumbe wa sauti wa karibu dakika nne. Ana Toyota ya esansi, anabeba nayo watu na mizigo kati ya Mubi na Walikale-centre, na njia ikiruhusu anafika hadi Hombo. Kichwa cha eshapoma kilichokuja na gari kilipasuka. Fundi akamfungia kingine, kile cha mabomba manne ya chuma, kilichopandishwa kutoka Bukavu. Tangu siku hiyo taa ya injini inawaka na bidoni la esansi halimalizi siku. Amekwisha kubadilisha sonda ya oksijeni mara mbili. Mwishoni akauliza: "Mwandishi, wewe unayejuana na watu wa Goma, sonda ya kweli inauzwa wapi?"

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufuata habari za huku kwetu: nani amehama, nani amerudi, soko gani limefunguliwa, daraja gani limekatika. Lakini swali hilo lilinifanya nikae kimya kwa muda, maana mwaka 2022 na mimi niliuliza hilohilo, kwa maneno karibu hayohayo, na nilikuwa nimekosea. Kukosea kwangu kulitaka kuua mtoto wa mtu. Ndiyo maana leo naandika juu ya gari badala ya habari nyingine.

Kwanza niwaambie wenye Land Cruiser za dizeli za zamani, zile ngumu tunazoziona kila siku njiani: gari zenu hazina sonda hii. Hata gari la esansi lenye kabureta kwa kawaida halina. Lakini sehemu juu ya moshi inawahusu na nyinyi, someni hadi hapo.

Gari letu lilikuwa RAV4 ya 1996, usukani upande wa kulia kama gari nyingi zinazotoka Japani na kuja kuteseka kwetu. Nililinunua pamoja na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mimi nilitoa nusu ya pesa, yeye akatoa nusu na mikono yake, kwa sababu ndiye shofere. Lilifanya Goma–Masisi, kama kilomita 80 kwenda. Mpaka Sake ni safari ya mtu mwenye koti safi. Kutoka Sake unaanza kupanda kuelekea Mushaki, na hapo gari linajua limetumwa kazi.

Mnaoijua njia ile hamna haja ya kuelezwa. Kwa aliyezaliwa kambini au aliyeondoka mdogo: ni matope mekundu, mawe, kona juu ya kona, malisho ya ng'ombe pande zote mbili, na baridi. Vilima vinapita mita 2,000. Mvua ikishuka pale Matanda kila mtu anafunga kioo. Mkumbuke jambo hilo la vioo.

Mwezi wa sita 2022 kichwa cha eshapoma kilipasuka. Namaanisha kile kipande kizito cha chuma cha kumimina kinachofungwa kwenye injini yenyewe na kupokea moshi kutoka silinda zote nne. Mafundi wanakiita kolekta. Chuma kile kinakuwa chekundu kwa joto, halafu unavuka dimbwi, maji baridi yanakirukia. Ukifanya hivyo miaka na miaka, kitapasuka. Kipya cha asili hakikupatikana, na cha mtumba kilikuwa kimepasuka mahali palepale kama chetu. Muuza vipuri mmoja wa Goma akatuonyesha kolekta ya mabomba manne, iliyokunjwa vizuri, inang'aa, iliyotoka Kampala. Alisema ni ya magari ya mashindano na kwamba injini itapumua. Shemeji akaipenda hapohapo. Mimi nilipenda bei.

Sasa nieleze sonda ni kitu gani, kwa sababu bila hilo mtaona ninawapigia hadithi. Ni kifaa kinachotoshea kiganjani, kinafanana kidogo na buji, na ncha yake inaingia ndani ya bomba la moshi. Ndani yake kuna kipande kigumu kama kigae, kinaitwa zirkonia. Kikipata joto la kama digrii 300, kinalinganisha oksijeni iliyo ndani ya moshi na oksijeni ya hewa ya nje, kisha kinatoa umeme mdogo sana. Moshi ukiwa na esansi nyingi isiyoungua, umeme unapanda karibu volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi iliyobaki, unashuka karibu 0.1. Kompyuta ya gari inasoma namba hiyo muda wote na kuamua: ongeza esansi, punguza esansi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoileta, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Volvo, mwaka 1976. Kwa hiyo si uchawi wa jana.

Kwa gari la kwetu linalopanda kutoka ziwani Goma, mita kama 1,500, mpaka vilima vya Masisi ambako hewa ni nyepesi, kifaa hicho kinasaidia sana. Esansi tunayoipata pia si moja. Leo umeweka ya kituo, kesho umenunua kwa Kadhafi kando ya barabara na hujui chupa ile ilikuwa na nini jana. Sonda inaonja moshi na kusahihisha. Ukiing'oa, kompyuta inafanya kazi kwa kukisia.

Fundi wa kwanza alifunga kolekta mpya kwa siku moja. Tatizo likaja kwenye sonda. Sonda yetu ya asili ilifungwa kwa sahani ndogo yenye nati mbili. Kolekta ya Kampala ilikuwa na tundu la kukaza kwa uzi, kama unavyokaza buji. Havikutana kabisa. Fundi akaziba tundu lile kwa bolti, akatoboa jingine huko nyuma kwenye bomba, chini ya gari, kwa sababu ndiko mkono wake ulikofika, na akachomelea sahani huko. Waya haukufika, akauongeza. Kati ya kolekta na injini akarudisha gasketi ya zamani, na ili isivuje akaipaka silikoni nyingi, ile ya bomba inayonuka siki. Nilimsifu kwa macho yangu mawili. Nilipiga hata picha.

Baada ya siku chache taa ya injini ikawaka.

Kwa gari la umri ule huhitaji mashine ya kusoma makosa. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo. Ndani yake unaunganisha kwa waya matundu mawili, TE1 na E1, unafungua ufunguo bila kuwasha injini, na taa inaanza kukonyeza. Unahesabu. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, hiyo ni 21: sonda ya oksijeni. Shemeji alihesabu mara tatu kama mtu anayehesabu pesa za kanisa. Ilikuwa 21.

Tukanunua sonda ya pili, ya mtumba. Hii ilikuwa ya alama nyingine, na ndipo tulipojifunza somo la rangi za waya. Kwenye sonda za Denso, ambazo Toyota nyingi zinatumia, waya mbili nyeusi ni za kupasha moto, ya buluu inapeleka habari, nyeupe ni ya ardhi. Kwenye za Bosch, waya mbili nyeupe ndizo za kupasha moto, nyeusi inapeleka habari, na ya kijivu ni ya ardhi. Fundi akaunganisha nyeusi na nyeusi, nyeupe na nyeupe. Unaweza kukisia. Ile sonda haikufanya kazi hata dakika moja, tukamlaumu aliyetuuzia, na ninaomba radhi hapa ingawa hasomi.

Ya tatu ilikuwa mpya, ndani ya sanduku lake. Kwa hii tulipata mtu aliyejua rangi. Taa ikazima, tukashangilia. Dada yangu akapika sombe yenye samaki.

Lakini esansi iliendelea kupotea. Hapo mwanzo tulikuwa tunatumia kama lita 12 kufika Masisi. Sasa zikawa 17, siku nyingine 18. Shemeji alianza kudhani vijana wa kuosha gari wanavuta esansi usiku. Alilala ndani ya gari siku mbili kuwavizia. Hakukuja mtu. Mwisho wa bomba la moshi ukawa mweusi kama chungu. Abiria wakaanza kulalamika kichwa.

Hapo ndipo nitakaa kidogo.

Watu wa Masisi wamezoea kwamba njia ile inatapisha. Kona nyingi, gari limejaa, mtu hajala au amekula vibaya. Mtoto akitapika mama anamfuta, safari inaendelea. Kwa hiyo wiki nzima za kulalamika kichwa hatukuzisikia. Mimi mwenyewe nilishuka Goma mara mbili na kichwa kinagonga, nikasema ni uchovu wa kazi.

Siku moja ya Novemba 2022 tulitoka Masisi-centre saa kumi na mbili asubuhi, watu tisa ndani. Kiti cha nyuma kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Lushebere na mtoto wake wa kiume wa kama miaka sita, mkono umevunjika, anapelekwa Goma. Mvua ilitukuta kabla ya Bihambwe. Vioo vikafungwa. Baada ya Matanda tulikwama nyuma ya Fuso iliyolala kwenye matope, tukasubiri karibu saa nzima, injini inanguruma kwa sababu shemeji aliogopa kuizima: betri ilikuwa dhaifu. Mtoto alikuwa analia kwa maumivu ya mkono. Halafu akanyamaza. Mama akasema, "Asante Mungu, amelala."

Nilikuwa mbele, karibu na kioo kilichokuwa hakifungi vizuri. Labda ndiyo sababu nilibaki na akili. Niligeuka nikaona watu wote wa nyuma wamelala, vichwa vimeangukiana, saa mbili asubuhi, katika baridi ile. Mzee mmoja mdomo wazi. Nikamwita mama, akanijibu kama mlevi. Nikamshika mtoto, akawa kama nguo iliyoloa.

Tulifungua milango yote. Tuliwashusha ndani ya mvua, kwenye majani. Vijana wa chukudu waliokuwa wanasubiri njia kama sisi walikuja kutusaidia kuwabeba. Wazee wawili walitapika. Mtoto tulimlaza ubavu, mama anampigia mashavu na kuita jina lake, na sijui ilikuwa dakika ngapi, kwangu zilikuwa nyingi, kabla hajakohoa na kuanza kulia tena mkono wake. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Muuguzi mmoja aliyekuwa anasafiri kwa pikipiki ndiye aliyetuambia. Alinusa ndani ya gari, akatikisa kichwa, akasema hewa inayoua hainuki, kinachonuka ni wenzake tu. Ni gesi ya kaboni monoksaidi. Inatoka pale esansi inapoungua nusu. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka lakini haibebi pumzi. Kwanza kichwa, kisha kichefuchefu, kisha usingizi mtamu. Mtoto anawahi kuliko mtu mzima. Ni ileile inayoua watu wanaolala na mbabula ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Waliolala chini ya sheeting kule kambini, na jiko ndani kwa sababu ya mvua, wanaelewa ninachosema.

Tulishuka hadi Sake vioo wazi, mvua inatupiga usoni, mwendo wa miguu. Nauli tuliwarudishia. Mama yule alikataa kupanda, akaendelea na gari lingine, na alikuwa na haki.

Fundi wa pili alikuwa mzee, wa gereji ya uani huko Goma, mtu asiye na haraka na asiyetaka kuulizwa maswali. Shemeji alimwambia: "Papa, tunataka sonda nyingine, hii nayo inadanganya." Mzee hakujibu. Alichukua voltimita, akaichomeka kwenye waya wa buluu, akawasha injini, akasubiri ipate moto. Sindano ilitakiwa kucheza, juu chini, juu chini, kila mara. Ilikaa chini tu, karibu na 0.1, kama imekufa. Shemeji akasema, "Si unaona?" Mzee akachukua kitambaa chenye esansi kidogo, akakisogeza kwenye mdomo wa hewa wa injini. Sindano ikaruka juu mara moja. Akasema maneno ambayo bado nayakumbuka: "Sonda yenu ni nzima. Inasema kuna oksijeni kwenye moshi kwa sababu ipo. Nyinyi niambieni imeingilia wapi."

Akazima injini, akaiacha ipoe, akaenda kunywa chai. Aliporudi alilowesha kitambaa, akakisokota na kuziba mwisho wa bomba la moshi, akamwambia shemeji awashe. Kisha akatuita tuinamishe masikio. Chini ya kolekta ile inayong'aa tulisikia *fff, fff, fff*, kama nyoka mwenye pumu. Akanyunyizia maji ya sabuni. Povu likachemka mahali pawili: kwenye gasketi ya zamani, na pale mabomba manne yanapokutana na kuwa moja. Kulikuwa na ufa mwembamba kwenye mshono wa kuchomelea. Unywele ungepita.

Hivi ndivyo alivyotueleza, na nimeyarudia kwa watu wengi tangu wakati huo. Moshi hautoki injini kama maji ya mto. Unatoka kwa mapigo. Pigo likipita, ufa unatema moshi nje. Kati ya pigo na pigo kunakuwa na mvuto mdogo, na ufa uleule unanyonya hewa safi ya nje. Hewa hiyo inakwenda mpaka kwenye sonda. Sonda inaona oksijeni, inaripoti: mchanganyiko ni mwembamba. Kompyuta inatii, inaongeza esansi. Esansi ikizidi, haiungui yote, na gesi ile ya kuua inaongezeka. Na inatokea wapi? Kwenye ufa uleule, chini ya boneti, na inaweza kufika pale ambapo feni ya gari inavuta hewa ya kuwapasha moto abiria.

Kwa hiyo lita sita zetu zilizopotea na usingizi wa mtoto yule vilitoka mahali pamoja. Miezi mitano tulikuwa tunabadilisha kifaa kilichokuwa kinasema ukweli. Mimi, mtu wa habari, niliona aibu ya pekee, lakini hiyo ni yangu.

Kazi ya mzee ilichukua siku tatu. Alishusha kolekta, akalaza uso wake juu ya kioo kinene chenye msasa, akausugua hadi ukawa bapa, maana ulikuwa umepinda na ndiyo sababu fundi wa kwanza alihitaji silikoni nyingi. Silikoni ile alituonyesha pia jinsi ilivyoua sonda ya kwanza: ncha yake ilikuwa na utandu mweupe kama chokaa. Mvuke wa silikoni ya siki unaingia kwenye moshi na kuziba kile kigae, na hakisafishiki tena. Ufa aliuchimba kwanza kwa kisagio, kisha akauchomelea upya. Akaweka gasketi mpya ya chuma, kavu, bila kupaka kitu, akakaza nati kutoka katikati kwenda pembeni, na baada ya injini kupata moto na kupoa akazikaza tena.

Sahani ya sonda aliing'oa kule chini ya gari na kuziba tundu. Alisema huko ni mbali, moshi unafika umepoa, na ikiwa chini ya bomba maji ya mvuke yanakusanyika kwenye ncha na kuipasua. Akaichomelea upya mara tu baada ya mabomba manne kukutana, sonda ikiwa imelala kwa kuinuka kidogo ili maji yatiririke. Waya ukafika bila kuongezwa. Na kama ungelazimika kuongezwa, alisema, ungebanwa kwa viungio vya kubana, si kwa risasi ya kuyeyusha, kwa sababu sonda nyingi zinavuta ile hewa yao ya nje ya kulinganishia kupitia ndani ya waya wenyewe. Nilimuuliza mara mbili kama ni kweli. Alinitazama tu.

Jambo moja zaidi alilotaja, nalipitisha kwa wenye Toyota changa kuliko yetu, za miaka ya 2000: nyingi zina sonda mbili, moja kabla ya katalizeri na nyingine baada yake. Ile ya mbele kwenye gari nyingi za aina hiyo si sonda ya kawaida, ni ya aina ya A/F. Kwa macho zinafanana, waya ni nne zote, lakini lugha ya umeme wao ni tofauti. Ukiweka ya nyuma mbele, kompyuta itasoma upuuzi. Nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye mwili wa ile ya zamani, usinunue kwa sura.

Alipowasha, sindano ya voltimita ikaanza kucheza. Juu chini, juu chini. Safari ya kwanza kwenda Masisi tulitumia lita 12 na kidogo. Shemeji hakushangilia safari hii. Aliendesha vioo vikiwa wazi nusu, na abiria wakamtukana kwa baridi mpaka Lushebere.

Februari 2023, vita vilipofika Mushaki, gari lile lilifanya kazi ambayo hatukulinunulia. Shemeji alirudi kutoka Sake mara nyingi kuliko anavyopenda kusema, amebeba akina mama na watoto, magodoro juu, kuku chini ya viti, kuelekea Goma na Bulengo. Safari moja walikuwa kumi na wanne, wengi watoto, mvua kubwa, vioo vimefungwa kwa sababu hakuna mama atakayekubali mtoto wake alowe. Aliniambia kila baada ya kona alikuwa anauliza kwa sauti, "Nani amelala?" na watoto wanajibu kwa kelele, "Hakuna!" Walidhani ni mchezo. Baadhi ya mnaosoma hapa mlikuwa ndani. Sasa mnajua alikuwa anauliza nini.

Gari lenyewe hatunalo tena, na namna lilivyotoka mikononi mwetu ni habari ya siku nyingine. Ile sonda ya kwanza yenye chokaa ncha yake ninayo bado, ndani ya kopo la maziwa pamoja na misumari.

Basi nilimjibu yule wa Mubi. Sikumwambia sonda inauzwa wapi. Nilimwambia asubuhi, injini ikiwa baridi, alowe kitambaa, azibe bomba, mtu mwingine awashe, yeye ainamishe sikio upande wa kolekta. Halafu nikamuuliza kama abiria wake wanaumwa kichwa.

Jana jioni akanirudishia ujumbe, mfupi safari hii. Amesikia *fff* mahali patatu. Swali la kichwa hakulijibu moja kwa moja. Alisema tu gari ameliegesha, na kwamba mama mja mzito aliyekuwa amwahidi kumpeleka Walikale-centre leo asubuhi amemtafutia pikipiki.